Shangazi, usiku wananipigia mimi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nasoma sosholojia na nakaa hosteli. Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui niendelee au niache.

Yalianza mwaka jana matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka. Dada mmoja wa chumba cha jirani alikuta ana sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia, bumu (mkopo wa chuo) lilikuwa halijaingia, na nyumbani kwao walikuwa wameuza kiwanja ili asome. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, amejifunika kanga kichwani, analia bila sauti. Nikakaa naye. Sikumwambia lolote la maana. Nilimuuliza tu kama amekula, tukaenda kukoroga uji saa saba usiku. Siku hizi yuko vizuri, sapu zote alifaulu, na kila akiulizwa anasema mimi ndiye niliyemwokoa.

Basi habari zikasambaa. Sasa napigiwa simu na watu hata nisiowajua sura. Mwingine anatuma ule ujumbe wa "Tafadhali nipigie" saa nane za usiku, nikipiga nasikia kilio tu. Nanunua kifurushi cha usiku kwa ajili yao. Ninayekaa naye chumba kimoja analalamika kwamba halali kwa sababu yangu, na kwa kweli hata mimi silali. Muhula huu nina keri ya somo moja, yaani nimelifeli na itabidi nilirudie, kitu ambacho hakijawahi kunitokea.

Pamoja na hayo naipenda kazi hii, Shangazi. Rafiki yangu anayesoma mambo ya kompyuta ametengeneza bango zuri lenye maneno "Umechoka? Usikate tamaa, piga namba hii", na namba yenyewe ni yangu. Tumepanga kulibandika hosteli zote, kantini, na hata kituo cha daladala. Mwenzetu mwingine anasema tusifanye hivyo, tutafute kwanza wanaopokea wanafunzi wa kujitolea tukajifunze kwao. Nimetafuta mtandaoni, naletewa za Marekani na Uingereza tu. Hapa Dar nianzie wapi? Na watanipokea kweli wakati sisomi saikolojia wala udaktari?

Halafu kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Wiki iliyopita alinipigia akaniambia hatafika mahafali. Akaniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa kwa jina la marehemu bibi yangu. Tangu hapo nikimtumia meseji anajibu "poa" tu. Jana nimesikia amegawa kompyuta yake na raba zake kwa wenzake wa chumbani, na wanasema amechangamka kuliko kawaida, kwa hiyo nadhani ameshapata nafuu.

Mwisho ni mama. Yuko Njombe na hataki kabisa kusikia habari hizi. Anasema anayejishughulisha na watu wanaotaka kujiua anajiletea mkosi, na kwamba nilipelekwa chuo kusoma. Nimjibu nini?

Binti wa Hosteli,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Sehemu ya kwanza ya jibu hili nilikutumia saa ileile niliyosoma barua yako, sikungoja siku ya safu. Nairudia hapa kwa sababu najua kuna mwingine anayesoma huku ameshikilia siri kama yako.

Huyo kaka usimhesabu kuwa amepata nafuu. Mtu aliyesema hatafika mahafali, akaanza kugawa vitu vyake, kisha akachangamka ghafla, ni mtu wa kufuatwa leo. Uchangamfu wa aina hiyo wakati mwingine ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Huenda nakosea, na nikikosea hasara yake ni aibu ya nusu saa. Nenda sasa hivi, na usiende peke yako. Nenda na mlezi wa hosteli, au mtu mwingine mzima mnayemwamini nyote wawili. Mkimkuta, asiachwe peke yake. Mkimkosa na simu haipokelewi, waamsheni walinzi na uongozi wa hosteli, pigeni 112, namba ya dharura.

Najua kiapo kinakuuma. Lakini niambie bibi gani wa nchi hii angekubali jina lake litumike kumfungia kijana wa watu chumbani na mauti. Uliapa ukiwa umebanwa, na aliyekuapisha alikuwa kwenye maumivu. Ikiwezekana mwambie yeye kabla ya kumwambia mwingine, na umwambie bila kupamba: "Kaka, nilikuahidi kitu nisichokiweza. Siwezi kukaa na jambo hili peke yangu. Heri uninunie ukiwa hai." Atakasirika. Mwache akasirike, huku umekaa hapohapo.

Kisha muulize. Hapa ndipo wengi wanapozungukazunguka na "mbona umepoa siku hizi" na "acha kuwaza sana", kwa kuogopa kwamba wakilitaja lenyewe watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti wamelichunguza hilo na Shirika la Afya Duniani linalisema waziwazi: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Mazungumzo yenyewe hayana utaalamu mkubwa, ni kama hivi:

"Kaka, uliposema hutafika mahafali, ulikuwa na maana ya kujiua?"

"Aah, achana nayo. Nilikuwa na hasira tu."

"Sawa. Na leo hii, wazo hilo lipo?"

Atanyamaza. Ukimya huo usiujaze kwa mawaidha, wala kwa habari za mjomba wako aliyepitia makubwa kuliko yake. Mwambie upo na huna haraka. Akisema lipo, muulize kama ameshapanga atafanyaje. Kama kuna kitu alichokiweka tayari, mwenzako akiondoe mapema na bila mabishano, kwa sababu saa mbaya kabisa huwa zina mwisho wake, na ukitaka kumvusha saa hizo, hatari isiwe mkononi mwake. Njia zenyewe sizitaji hapa, nanyi msizitaje vikaoni wala kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna mtu anasoma kimya humo.

Baada ya hapo ni hospitali, usiku huohuo kama hatari ipo. Idara ya dharura ya Muhimbili haifungwi, na hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala, Amana na Temeke hupokea dharura saa zote. Mkifika mapokezi semeni ukweli: amefikiria kujiua na tunaogopa kumwacha peke yake. Msiseme ana homa. Nimeona watu wazima, kwa kuona haya, wakidanganya mpaka mgonjwa akarudishwa nyumbani na Panadol.

Utasikia mtu akisema mkimpeleka atakamatwa. Hofu hiyo ina asili yake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ni urithi wa sheria za mkoloni. Lakini kufikiria si kujaribu, na anayekuja kusema ameelemewa na mawazo ni mgonjwa anayetafuta tiba. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha katiba. Ghana walikifuta cha kwao mwaka 2023. Kama mna rafiki anayesoma sheria na anahangaika kutafuta mada ya utafiti, mpeni hiyo. Huko nako ni kujitolea.

Sasa tuje kwenye bango.

Lisibandikwe. Yale yaliyokwisha bandikwa, kama yapo, yabanduliwe leo. Nia yenu naiheshimu, lakini piga picha ya wiki moja tu baada ya namba ya binti wa miaka 21 kuwekwa kituo cha daladala. Nusu ya watakaopiga ni wanaume wanaotaka kujua unakaa wapi na kama umeolewa. Katikati ya hao atapiga mmoja ambaye kweli yuko ukingoni, na wewe utakuwa kwenye mtihani wa saa tatu asubuhi simu ikiwa imezimwa ndani ya mkoba, au chaji imekwisha, au umechoka na wale wa kwanza kiasi cha kumjibu kwa ukali. Yeye hatajua kwamba uko kwenye mtihani. Atajua kwamba hata ile namba ya mwisho haikupokelewa.

Mahali wanapoifanya kazi hii kwa uzoefu hakuna anayeifanya hivyo. Hao wa Marekani uliowakuta mtandaoni, Crisis Text Line, wanaosaidia walioelemewa kwa ujumbe wa simu, walianza mwaka 2013. Mtu wa kujitolea kwao lazima awe amefikisha miaka 18, anapitia mafunzo ya takriban saa 30, anaahidi kutumikia saa 200, na anapojibu ujumbe kuna msimamizi mwenye taaluma anayeyafuatilia mazungumzo na kuingilia pakiharibika. Watu wana zamu. Zamu ikiisha anapokea mwingine, wewe unakwenda kulala. Usihangaike kuwaombea kutoka Dar, huduma yao ni ya watu wa huko, sawa na ile 988, namba ya Marekani ya kupigiwa na wanaotaka kujiua, iliyoanza Julai 2022. Ila utaratibu wao uige: zamu, msimamizi, na mafunzo kabla ya kushika simu.

Kuhusu kutosoma saikolojia, hilo lisikusumbue hata kidogo. Huko London mwaka 1953 padri wa Kianglikana, Chad Varah, alifungua kanisani kwake huduma ya simu kwa watu waliotaka kujiua. Walikuja wengi, ikabidi wakae foleni, na waumini wa kawaida wakajitokeza kuwapa chai na kuzungumza nao wakati wakimsubiri. Padri akaona ajabu: baadhi wakishakunywa chai na kusikilizwa wanaondoka wametulia, hawamhitaji tena. Mwaka uliofuata akawakabidhi wale wa chai kazi ya kusikiliza. Ndio shirika la Samaritans mpaka leo. Uji wako wa saa saba usiku una ukoo mkubwa kuliko ulivyodhani.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi, Harare. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya basi kumleta hospitali kuonana naye. Nauli tu! Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, akaanza na bibi 14 wa mtaani. Wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kuyachambua matatizo yake moja baada ya jingine, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo ukaitwa Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba waliokaa na wale bibi walipata nafuu zaidi ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hakuna hata bibi mmoja aliyekuwa na digrii.

Hiyo nauli ndiyo nataka uitafakari wewe na kikundi chako. Kila mwanafunzi anayeniandikia anataka kuwa yule anayepokea simu usiku. Wachache wanataka kuwa yule anayekwenda na mwenzake kliniki Jumanne asubuhi, anasimama naye foleni ya kufungua faili, anakaa kwenye lile benchi refu mpaka jina liitwe, halafu wiki mbili baadaye anamkumbusha tarehe ya kurudi. Sonona inamnyima mtu hata nguvu ya kuoga. Unategemea apande mwendokasi peke yake mpaka mjini, aulize idara iko wapi, asubiri kutwa nzima? Mkiwa na orodha ya watu wa kusindikiza, mfuko mdogo wa nauli na bodaboda wa kuaminika wa usiku, mtakuwa mmeziba tundu ambalo bango haliwezi kuliziba. Na kazi hiyo mnaweza kuianza kabla ya semina yoyote.

Mahali pa kuanzia ni hapohapo chuoni. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, uulize nani ni mnasihi wa chuo, yule wa ushauri nasaha, na lini anapatikana. Vyuo vyetu vimezoea waelimishaji rika wa mambo ya UKIMWI, kwa hiyo hamwombi kitu kigeni mkiomba waelimishaji rika wa afya ya akili wakiwa chini ya mnasihi huyo. Ombeni vitu vinavyoshikika: chumba chenye mlango unaofungwa, simu ya ofisi badala ya yako, ratiba ya zamu, na siku ya kukaa na mnasihi kuzungumza yale mliyoyasikia. Mkiambiwa hakuna bajeti, ombeni angalau chumba na mnasihi. Viongozi wa dini chuoni, padri, mchungaji na imamu, nao washirikisheni mapema, maana usiku wa shida wengi hukimbilia kwao kwanza. Mgonjwa aombewe na dawa ameze. Havigombani.

Nje ya chuo, nenda tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Chama hiki kipo tangu mwaka 1962 na kinaendeshwa kwa nguvu ya watu wa kujitolea, wengi wao vijana kama wewe. Waambie unataka huduma ya kwanza, na uulizie mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unaifupisha huduma hiyo kwa hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ile ya tatu ndiyo uliyokuwa unairuka. Umeangalia, umesikiliza mpaka masikio yameuma, lakini hukumuunganisha mtu na mwingine yeyote zaidi yako.

Kuna 116, Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Mpigaji halipi kitu, kwa hiyo hata asiye na salio anaipata, na wanaopokea ni wanasihi waliofundishwa. Ni ya watoto, nawe umeshawapita, lakini hosteli zenu zina wa mwaka wa kwanza wa miaka 17, na wengi wenu mna wadogo sekondari. Namba hiyo ndiyo ingefaa kukaa kwenye mabango ya shule. Waandikie barua ya kuomba kujitolea au kufanya fildi, yale mafunzo ya vitendo.

Na hilo la fildi ulishike vizuri, maana mwaka wa pili huo. Wanasosholojia wengi huishia kwenye ofisi ambayo hawafanyi chochote zaidi ya kusaini mahudhurio. Wewe peleka barua idara ya ustawi wa jamii ya manispaa yako, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni, au ya Jiji kama uko Ilala, au kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali ya rufaa. Utabeba mafaili na kujaza madaftari muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukaa karibu na mteja. Usinune. Humo kwenye mafaili utajifunza yanayomfikisha mtu kwenye kutaka kufa: madeni, ndoa, ulevi, mimba, matokeo ya mitihani, ugonjwa usiotibiwa, mara nyingi mambo matatu kwa mpigo. Ukirudi chuoni hutasema tena kwamba fulani alitaka kujiua "kwa sababu ya mapenzi".

Popote utakapokwenda kuomba, na wewe uwahoji. Nani atanisimamia? Mtu akiniambia yuko hatarini, nimpigie nani, na asipopokea nimpigie nani mwingine? Nikisikia jambo zito nikashindwa kulala, nazungumza na nani? Wakikujibu kwa kukuonyesha fulana na hashtagi, aga kwa adabu. Wakikudai ada kubwa ya cheti kwa semina ya siku moja, ondoka hata bila kuaga. Daftari la majina na shida za watu msiweke kiholela: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na hosteli, unaijua, haina droo isiyofunguliwa.

Septemba 10 ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, inaadhimishwa tangu mwaka 2003. Mnaweza kuitumia kulitambulisha kundi lenu mbele ya chuo. Matembezi mfanye, sina ugomvi nayo, mradi jioni yake kuwe na mtu wa zamu, kwa sababu siku kama hiyo huwafungua watu midomo. Wasemaji wenu wakatazwe kusema fulani "alishindwa maisha", na wakatazwe kusimulia kifo cha mtu hatua kwa hatua hata kama lengo ni kufundisha.

Kuhusu wewe mwenyewe. Simu yako izimwe saa nne usiku kuanzia leo. Wale waliokuzoea watumie ujumbe mmoja: kwamba hupokei tena usiku, mnasihi wa chuo ni fulani na anapatikana saa fulani, na hatari ikiwa ya usiku huo waende kwa mlezi wa hosteli au hospitali. Watakaokulaumu watakuwepo. Ile keri nenda kaongee na mwalimu wa somo mapema, usisubiri muhula ukukimbie. Aliyeko chumbani kwako muombe radhi, na umnunulie hata chipsi mayai. Na ikitokea mawazo unayoyasikia kwa wengine yakaanza kupita kichwani mwako, au usingizi ukagoma hata simu ikiwa imezimwa, mlango wa mnasihi ni wako pia. Wanaofanya kazi hii siku zote wana mtu wao wa kumwendea. Asiye naye ndiye wa kuogopwa.

Nimebakiza mama. Usibishane naye habari za mkosi, wala usimtupie maneno ya darasani. Mama wa Njombe anayesikia mwanawe yuko na watu wanaotaka kufa haoni huduma ya jamii, anamwona mwanawe. Unaweza kumwambia, akiwa ametulia, kwamba duniani watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, kwamba kwa vijana wa umri wako ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya vifo, na kwamba huu ni ugonjwa na shida kama nyingine, hauambukizwi kwa kukaa karibu na mtu. Ila mimi nina hakika kinachomsumbua zaidi ni ile keri. Kwa hiyo anza na hiyo. Mwambie umeongea na mwalimu, mwambie kazi yako sasa ina msimamizi na zamu, na kwamba ikifika saa nne usiku simu imezimwa na umelala. Akipiga saa nne na dakika tano kuhakikisha, na akina mama hupiga, isiite.